Mkondo wa Jikoni

Matokeo ya mtihani wa moko, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, yalipotoka, mkuu wetu wa shule alitupanga paredi, akapanda juu ya jukwaa la saruji alilojengewa mbele ya ofisi, akawasha kipaza sauti chake cha betri. Shule yetu ilikuwa ya kata, ndogo, katikati ya tambarare za Hanang ambako mbwa akibweka ng'ambo ya mbuga unamsikia. Angeongea kwa sauti yake ya kawaida tungemsikia vizuri kabisa. Lakini alikipenda kile kipaza sauti kuliko alivyopenda somo lolote, na sijawahi kukutana na mwanafunzi aliyemwona ameshika chaki.

"Mkulima mwenye akili," alisema, "hapandi mbegu iliyobunguliwa."

Akasubiri makofi. Waliokuwa mbele walipiga, maana walikuwa karibu na fimbo ya mwalimu wa zamu. Kisha akaanza kuita majina ya wale aliowaita wenye matumaini, mmoja mmoja, wakahamia upande wa kulia. Sisi wengine hatukuitwa. Tulibaki tumesimama pale pale, na safu za mbele yetu zikazidi kupungua mpaka nikaweza kuviona viatu vyake. Alipomaliza alizima kipaza sauti, akashuka, akaingia ofisini. Hakutuambia sisi ni akina nani. Aliona hakuna haja.

Mimi ni mtoto wa Tlawi, kule juu Mbulu, kwenye ukungu na maharage na viazi. Nilishushwa Hanang nilipofaulu darasa la saba, nikakae kwa mjomba wangu, aliyekuwa na shamba la alizeti upande wa Balangdalalu na mke aliyehitaji mtu wa kumsaidia kazi. Kwenye moko nilipata sifuri ya hisabati na mengine ya kuungaunga. Sikuwa na ugonjwa wala msiba wa kusingizia. Ila mwalimu wa hisabati alihama tukiwa kidato cha pili na hakuletwa mwingine, na jambo hilo mkuu hakuliona kuwa linahusu mbegu wala mkulima.

Aliyebaki kando yangu pale paredi alikuwa rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Yeye ni binti wa wafugaji wa tambarare zile zile, na boma la baba yake liko mwendo mrefu kutoka shuleni. Kwao wana lugha yao, kwetu tuna yetu, na lugha hizo mbili hazisikilizani hata kidogo, kwa hiyo urafiki wetu wote ulikuwa wa Kiswahili, na sisi wote Kiswahili tulikipata darasani. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia iliyowaudhi walimu: ukimwambia jambo, anauliza kwa nini. Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe na anataka kuzunguka amwone na upande wa pili.

"Sasa sisi ni nini?" aliniuliza.

"Mbegu iliyobunguliwa."

Akafikiri. "Hiyo si huwa mnawapa kuku?"

"Ndiyo."

"Basi, kuku watashiba."

Sikucheka siku ile. Nilikuwa nimeshikwa na hasira ambayo baadaye, kadiri nilivyozidi kumfahamu yule bwana, ilipoa ikawa kitu kingine. Mtu unamkasirikia ukiwa bado unategemea kitu kutoka kwake.

Kilichofuata ni kambi. Wanafunzi wote wa kidato cha nne walitakiwa kulala shuleni mpaka siku ya mtihani, na kila mzazi alileta mahindi na maharage. Wenye matumaini walipewa madarasa mawili yenye vioo madirishani. Sisi tulipewa darasa la mwisho, lile ambalo upepo wa mbuga unaingia upande mmoja na kutokea mwingine na kuacha vumbi juu ya kila kitu. Rasmi tuliitwa mkondo B. Haikupita wiki mpishi wa shule akaambiwa apumzike, kwa kuwa kuna wanafunzi ambao hata wakipika hawapotezi kitu. Wavulana wetu walipelekwa kukata kuni na kusukuma madumu ya maji kutoka kisimani, wasichana tukapewa mwiko na sufuria. Toka hapo hakuna aliyesema mkondo B tena. Tuliitwa mkondo wa jikoni, na walimu nao wakatuita hivyo, mbele yetu, kama vile ni jina la somo.

Kwa wenye matumaini mkuu alimleta mtaalamu.

Yule mtu alitoka mjini, mji gani hakuutaja. Alikuja na bodaboda, amevaa suti ya rangi ya mchanga na viatu vilivyochongoka kama mdomo wa kunguru, katika nchi ya vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya saa ya mkononi. Kila akitembea kidogo alisimama, akafuta kiatu kwenye mguu mwingine wa suruali, akaendelea. Mkuu alimtambulisha kuwa ni bingwa wa mitihani. Mwenyewe alidokeza, bila kusema, kwamba ana watu wake mahali fulani, na kwamba maswali yatakayokuja anayo. Alipodokeza hivyo alifumba jicho moja. Walimu wetu, watu wazima wenye vyeti, waliinama mbele kumsikiliza.

Ufundi wake ulikuwa huu: alisoma swali, akasoma jibu, darasa zima likarudia. Alisoma tena, wakarudia tena. Jibu lilikuwa la Kiingereza kirefu chenye maneno ambayo najua hayakueleweka, kwa sababu nilikuwa nimekaa na wale wenzangu miaka yote ile na nilijua Kiingereza chao kinaishia wapi, kama walivyojua changu. Jiko letu lilikuwa la mabati, nyuma ya madarasa yao, na dirisha lao lilitutazama. Mchana kutwa tulikoroga maharage tukiwasikia. Walitaja sababu za hiki na athari za kile, sauti moja, ikipanda na kushuka mahali pale pale, hata mimi niliyekuwa nakuna ukoko wa ugali nikaanza kumalizia sentensi bila kujua nasema nini.

"Wanasema nini?" rafiki yangu aliuliza siku moja, ameshika mwiko.

"Athari za ukoloni."

"Zipi?"

"Sijui. Nazijua kwa wimbo tu."

Yule mtaalamu alikuja jikoni mwenyewe siku moja kuulizia nyama. Maharage yalikuwa yamemchosha. Tulimwambia hakuna nyama, labda aongee na mkuu. Alipogeuka kwenda, rafiki yangu akamwita.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba kuuliza."

"Uliza haraka."

"Kama swali likija, lakini lisije namna hiyo mnavyoimba, likaja kwa namna nyingine, watafanyaje?"

Alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili zake za tairi. Kisha akanitazama mimi, kama kuniuliza huyu kapata wapi ruhusa ya kusema.

"Haliji kwa namna nyingine," alisema. "Wewe pika."

Akafuta kiatu, akaondoka. Rafiki yangu hakuonekana kuumia. Alikoroga kidogo, akaonja chumvi, akasema, "Hajui." Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema mvua haitanyesha leo. Nadhani hapo ndipo na mimi nilipoacha kumwogopa yule mtu na kiatu chake.

Mahindi ya kambi yalihifadhiwa stoo, na ufunguo wa stoo tulikuwa nao sisi wapishi. Siku ile ile tulipokwenda kupima unga, nyuma ya magunia tulikuta vitabu. Vilikuwa vitabu vya kiada, vya biolojia, jiografia, kemia, historia, vingi vikiwa havijawahi kufunguliwa, kurasa zimegandana pembeni. Mwalimu wa taaluma alikuwa ameamuru vitolewe madarasani kwa sababu mtaalamu alisema kitabu kinamchanganya mtahiniwa. Nikimkumbuka yule mwalimu wa taaluma akibeba vitabu vya shule kwa toroli kwenda kuvifukia nyuma ya mahindi, akitokwa na jasho, akidhani anafanya kazi, sijui nimtukane kwa lugha gani kati ya zote ninazozijua.

Tulivibeba kwenda jikoni. Maharage yanachukua muda mrefu kuiva, na mtu aliyekaa karibu na moto hana pa kwenda. Tukawa tunasoma. Wa kwanza tulikuwa sisi wawili, kisha wasichana wengine wa jikoni, kisha wavulana wa kuni wakawa wanachelewesha kuondoka. Hatukuwa na mwalimu. Mmoja anasoma aya, tunabishana inasema nini, kwa Kiswahili, kwa lugha za nyumbani, kwa kuchora kwa mkaa kwenye bati. Rafiki yangu hakuturuhusu kupita mahali ambapo yeye hajaelewa. Hilo lilichosha. Ukurasa mmoja wa mzunguko wa damu ulikula asubuhi nzima, na ugali siku ile uliungua, tukachapwa. Lakini mzunguko wa damu naujua mpaka leo.

Sitaki kudanganya kwamba jikoni pale paligeuka chuo kikuu. Wengi wetu tulikuwa nyuma kweli. Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyesoma kwa kufuata mstari na kidole na alipofika mwisho alikuwa amesahau mwanzo. Hisabati hatukuigusa, maana hisabati bila mwalimu ni kama kuchungulia kisima. Ila tulikuwa tunasoma, na wale wa madirisha ya vioo walikuwa wanaimba.

Mtihani ulipokaribia, mkuu akawaita wazazi wa mkondo wa jikoni. Aliwaita mchana, akawaweka kwenye mabenchi barazani, yeye akakaa nyuma ya meza iliyotolewa nje makusudi. Jiko lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Tulipunguza moto ili tusikie.

Alichotaka kilikuwa rahisi. Shule ilihitaji wastani mzuri. Mwanafunzi anayepata sifuri anaushusha wastani, lakini mwanafunzi ambaye hakutokea siku ya mtihani haushushi. Kwa hiyo aliwashauri wazazi, kwa upendo, watuchukue nyumbani. Tuumwe kidogo. Mwakani, tukipenda, tutafanya kama watahiniwa wa kujitegemea, na aibu itakuwa yetu wenyewe, haitakuwa ya shule. Hayo ya mwisho hakuyasema kwa maneno hayo, lakini ndiyo yaliyokuwemo.

Mjomba wangu alikuwa wa kwanza kuitwa mezani. Alikuja na jogoo kwapani, amefungwa miguu. Mjomba ni mtu mzima, mwenye shamba lake, anayewafokea wanawe mpaka wanajificha kwenye alizeti. Mbele ya meza ile alisimama kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mzee, kijana wako wa kike amejitahidi," mkuu alisema, "lakini uwezo ni wa Mungu."

"Kweli, mwalimu."

"Tusimtese."

"Kweli kabisa, mwalimu. Tunashukuru kwa kutueleza. Samahani kwa usumbufu."

Aliomba samahani. Mimi nilikuwa nimesonga ugali wa shule yake kwa wiki kadhaa, mikono imetoka malengelenge, na mjomba aliomba samahani kwa usumbufu. Akamkabidhi jogoo. Mkuu akampokea bila kumtazama, akamweka chini ya meza, akaita wa pili. Wa pili akakubali. Wa tatu akakubali. Nilitazama makaa ya moto na sikutaka rafiki yangu aone uso wangu.

Baba yake alikuwa amechelewa, maana alikuja kwa miguu. Alifika amejifunga shuka lake jekundu lililofifia, ana fimbo ndefu na vumbi mpaka magotini. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama mezani kabla hajaitwa, akasubiri asalimiwe. Mkuu alikuwa mdogo kwake kwa umri wa kutosha, lakini alisema tu, "Karibu, mzee." Yule baba akasubiri zaidi. Mwishowe mkuu akasema, "Shikamoo," kwa sauti ya mtu anayetema mbegu ya ndimu.

"Marahaba," baba alisema. "Sema."

Mkuu akasema yale yale: mtoto mzuri, ana heshima, ila kichwa chake.

"Kichwa kimefanya nini?"

"Hakishiki masomo, mzee. Tunaona ni vizuri arudi nyumbani. Nimesikia hata mchumba alikuwepo. Kwa mila zenu nadhani hiyo ni habari njema."

Alitabasamu aliposema hivyo. Alidhani anamhonga. Na kusema ukweli ilikuwa kweli: mchumba alikuwepo, na baba yake rafiki yangu hakuwahi kuipenda shule hata siku moja. Mimi mwenyewe nilijua kwamba mchezo umekwisha.

"Huyu mtoto alipofaulu darasa la saba," baba alisema polepole, Kiswahili chake kikitoka kimoja kimoja, "mimi nilisema hapana. Nilisema haendi. Nani alikuja bomani kwangu na mgambo?"

"Mzee, hiyo ilikuwa serikali."

"Na wewe ni nani?"

Mkuu akavuta kiti chake karibu na meza.

"Walinilaza ofisi ya mtendaji, sakafuni, kama mwizi. Wakasema mtoto ni lazima asome mpaka amalize. Nikasema haya. Nikamtoa. Ndama wakachungwa na watoto wadogo, fisi akala. Nikanyamaza. Leo wewe unasema asimalize. Serikali ziko mbili?"

"Mzee, elewa, ni kwa faida ya..."

"Mimi shule siipendi," baba alisema. "Sikuipenda zamani, na leo nimekuona wewe, siipendi zaidi. Lakini mtoto nilishamtoa. Kitu nilichotoa sirudishiwi nusu. Atakaa hapa mpaka huo mtihani. Akishindwa, ashindwe mbele ya hiyo karatasi, asishindwe hapa mezani kwako."

Kisha akaenda kukaa kivulini, upande wa ofisi, fimbo magotini, akamwangalia mkuu. Alimwangalia tu, kwa utulivu, kama mtu anayemlinda fisi aliyenaswa. Mkuu alijaribu kumwita mzazi mwingine lakini sauti ilitoka ndogo, na kipaza sauti alikuwa amekiacha ndani.

Pale kwenye benchi mama mmoja akasema na wa kwake atafanya. Mwingine akasema hivyo hivyo. Nao waliokwisha kukubali wakaanza kunung'unika, na katikati ya manung'uniko yale nikasikia sauti ya mjomba, nyembamba, ikisema, "Hata wangu... naona... afanye tu." Nilimshukuru, na bado sikuweza kumheshimu. Jogoo hakurudishwa. Tulimpika sisi wenyewe jioni ile, akaliwa na mtaalamu.

Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko muda wote ule.

"Baba yako anakupenda," nilimwambia.

"Amekasirika," alisema. "Siyo kitu kimoja." Halafu, baada ya kusukuma kuni ndani, "Lakini leo imefaa."

Mtaalamu aliondoka kabla ya mtihani. Alisema ana dharura. Mkuu alimsindikiza mpaka barabarani, na bodaboda ilipotimua vumbi, bwana yule wa suti alifunika viatu vyake kwa mfuko wa plastiki.

Mwishoni mwa wiki ile kulikuwa na ibada ya kuombea kalamu. Walikuja wachungaji na mapadri, tukaambiwa tuinue kalamu juu. Mimi ni mtoto wa kanisa, mama yangu anaimba kwaya, na nimeomba Mungu katika mambo mengi. Lakini kumwona mkuu wetu amefumba macho, mikono imeinuliwa, akimtaka Mungu azitie nguvu kalamu za watoto ambao yeye alikuwa ameshapanga waumwe, kulinipotezea hamu ya kusema amina. Rafiki yangu, ambaye kwao hawasali kanisani, alikuwa amepakwa samli kwenye paji la uso na mama yake aliyekuja kumwona. Mwalimu wa zamu alimwambia afute. Hakufuta. Ilimng'aa usoni wakati wote wa maombi, na mimi niliiona hiyo ndiyo baraka pekee iliyotoka mikononi mwa mtu aliyemaanisha.

Siku ya kwanza ya mtihani mkuu alituita sisi wa jikoni pembeni. "Nyie andikeni majina yenu vizuri," alisema. "Mengine msihangaike sana."

Msimamizi aliyetoka shule nyingine alitukagua mifuko, akatuketisha mbalimbali, akagawa karatasi. Nakumbuka mlio wa makaratasi yakifunuliwa kwa pamoja, kisha ukimya ambao haukuwa wa kawaida. Wenye matumaini walikuwa wanatafuta nyimbo zao. Niliona migongo yao. Mmoja aligeuza karatasi, akaigeuza tena, akaangalia nyuma kama vile maswali yake yameandikwa huko. Maswali yalikuwa ni mambo yale yale tuliyofundishwa, ila yalikuja kwa namna nyingine.

Mchana tulipotoka kwenye Kiswahili, kiranja mkuu, kijana aliyekuwa wa kwanza katika kila wimbo, alitusimulia kwa fahari alivyojiokoa. Mtaalamu alikuwa amewakaririsha insha ya mazingira. Kumbe ikatakiwa barua ya kirafiki, kuhusu jambo jingine kabisa.

"Nikaandika, 'Mpendwa rafiki, mazingira ni vitu vyote vinavyomzunguka mwanadamu,'" alisema. "Nikaendelea mpaka mwisho. Sikubakiza hata koma."

Wenzake walimpongeza. Nilitaka kumhurumia, maana hakuwa kijana mbaya, na kabla ya kambi aliwahi kuandika barua nzuri tu, nyingine aliniandikia mimi. Lakini huruma ilikataa kuja. Nilimwona amesimama pale, shati limechomekewa, amejaa maneno ya mtu mwingine mpaka shingoni, na nikaona aibu kama vile nimemkuta hana nguo.

Mimi niliandika nilichokijua. Hisabati niliandika jina langu vizuri, kama mkuu alivyotuagiza, na vitu vichache. Kwenye biolojia kulikuwa na swali la damu, nikalijibu kwa maneno yangu, Kiingereza kikiwa kimevunjikavunjika, lakini kila kipande nilikijua kilipotoka. Nilipoinua macho nilimwona rafiki yangu safu ya mbele. Alikuwa ameinama, kalamu inatembea taratibu, haisimami.

Matokeo yalitoka nikiwa Tlawi, nimepanda kwa mama kumsaidia kulima. Niliyaona kwenye simu ya dukani, mwenye duka akiishika yeye kwa kuogopa niidondoshe. Nilipata daraja la tatu, la mwishomwishoni. Rafiki yangu alipata daraja la nne, lakini biolojia yake ilikuwa C na kemia alipita. Wengi wa jikoni walipata sifuri, na yule aliyesoma kwa kidole naye alipata sifuri, nami sioni sababu ya kuficha. Wenye matumaini walikuwa mchanganyiko: wachache walifaulu vizuri, wale ambao wangefaulu hata kama wangefundishwa na mbuzi, na wengine wengi walianguka kwenye nne na sifuri wakifuatana kama walivyokuwa wakiimba. Kiranja mkuu alipata nne. Mwaka uliofuata mkuu alihamishiwa shule kubwa zaidi. Niliambiwa kwenye sherehe ya kumuaga alisema aliwavusha watoto wa wafugaji.

Niliposhuka tena Hanang nilikwenda na rafiki yangu mpaka kwao. Baba yake alikuwa anakagua kwato za ng'ombe. Alipomaliza akatuuliza matokeo. Rafiki yangu akamwambia amepata nne.

"Nne ni nzuri au mbaya?"

"Si nzuri sana. Ila naweza kusoma mifugo. Kuna chuo."

"Mifugo?" Alitutazama kama tumemtukana. "Mifugo unasomeshwa na nani?"

"Dawa, baba. Chanjo. Magonjwa."

Alirudi kwenye kwato. Nilijua mchumba bado anasubiri, na ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatajwa. Mama yake alituletea maziwa kwenye kibuyu, tukanywa.

"Utamaliza?" baba aliuliza mwishowe.

"Nitamaliza."

"Wakikwambia urudi katikati, mimi siji tena. Ni mbali, na miguu yangu inauma. Uwajibu mwenyewe."

Hivyo ndivyo alivyompa ruhusa. Mchumba alioa mahali pengine, na kwa muda mrefu ndugu zake hawakumsalimia yule mzee mnadani.

Mimi nilikwenda kidato cha tano, nikapata ualimu. Sasa nafundisha Mbulu, na mwaka huu nina kidato cha nne. Mwalimu wetu wa taaluma, kijana mwenye bidii, alikuja kuniambia kwamba kuna mtu anajitolea kuja na maswali ya uhakika, na kwamba tungeanza kwa kuwatenga wanafunzi. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia darasani kwangu haingii mtu huyo, na nikaendelea kusahihisha. Alisema nina kiburi. Inawezekana.

Rafiki yangu yuko bonde la Yaeda Chini msimu huu, anachanja ng'ombe. Mtandao huko ni wa kupanda mlima. Alinipigia juzi, upepo unavuma kwenye simu, nikafikiri kuna jambo. Aliuliza kama vitunguu saumu vya huku juu vimeshakomaa, kwa sababu amechoka kula mboga isiyo na ladha, na kama naweza kumpa mtu wa pikipiki anayeshuka Jumamosi. Nikasema nitampa. Akasema nifunge vizuri, vya mara ya mwisho vilifika vimepondeka, kisha simu ikakata.